Budaixi ni nini?

Budaixi ni mchezo wa vikaragosi vya mkononi wa Wachina wa kusini, hasa wa Quanzhou na Zhangzhou katika jimbo la Fujian. Usiuchanganye na ule wa vikaragosi vya nyuzi, ambao Quanzhou pia wanao. Jina halina makuu: bu ni kitambaa, dai ni mfuko, xi ni mchezo wa kuigiza. Na kweli, kikaragosi kikivuliwa mkononi hubaki mfuko mtupu wenye kichwa cha mbao, urefu wake kama sentimita 30.

Uhai wote uko vidoleni. Kidole cha shahada huingia kichwani, gumba huwa mkono mmoja, vitatu vilivyobaki huwa mkono wa pili. Miguu inaning'inia tu. Mchezaji huisukuma kwa mkono wake mwingine, nawe ukaona mzee anajikongoja au binti anatembea kwa madaha. Fundi hasa hukifanya kikaragosi kizungushe sahani juu ya kijiti, au hukirusha dirishani kikapinduka hewani na kudakwa upande wa pili. Hapo watoto hupiga mayowe.

Wazee wamefuata mengine: mashairi, mafumbo na sauti. Kwa desturi mchezaji mkuu husemea wahusika wote peke yake, jenerali, bibi harusi na mlevi, huku ngoma na upatu vikirindima nyuma ya jukwaa.

Tena yupo mtazamaji asiyelipa kiingilio: mungu wa hekalu. Mara nyingi mchezo huchezwa uani kwake kama shukrani, kwa hiyo hata viti vikiwa vitupu, unaendelea.

Wahamiaji wa Fujian waliuvusha bahari. Huko Taiwan, mchezaji Huang Chun-hsiung aliuvumisha kwenye televisheni kuanzia mwaka 1970. Vikaragosi vikakua, vikaongezewa moshi na miale. Watu waliupenda sana, ingawa mimi naona vile vidogo vina ufundi zaidi, maana havina pa kujifichia.

Huko Java, kisiwa cha Indonesia, mchezo huu huitwa wayang potehi, na wachezaji wake wengi leo ni Wajava wanaosimulia visa vya Kichina kwa Kiindonesia. Amri ya mtawala wa Indonesia, Suharto, ya mwaka 1967 iliyobana mila za Kichina hadharani iliusukuma ndani ya mahekalu. Rais Abdurrahman Wahid aliifuta mwaka 2000, na vikaragosi vikarudi barazani.