Zawadi za wageni kwenye bethdei ya mtoto mkubwa: tunayoyaamini na ukweli wenyewe

Mwaka jana mwanangu alipofikisha miaka 11 nilijaza mifuko 14 ya zawadi za wageni, kila mfuko vitu 6, firimbi, puto, stika, kagari, pete ya kuwaka taa na kachupa ka mapovu, yaani nilikaa chini mpaka saa saba usiku nafunga riboni mgongo unaniuma. Asubuhi baada ya pati naanza kufagia, chini ya viti nikaokota firimbi 9. Pete nne nilizikuta juu ya friji zimepangwa mstari, sijui nani alizipanga. Vitu 84 nilivinunua kwa hela yangu, na ambacho hakikubaki hata kimoja ni bangili za uzi na shanga walizosuka wenyewe mezani wakati wanasubiri keki, ambazo mi niliziweka pale ili wasikimbizane tu ndani ya nyumba. Toka siku hiyo nikiwasikia wazazi wenzangu wanapanga pati nasikia yaleyale niliyokuwa naamini mimi.

Dhana: mfuko ukijaa ndo mtoto anafurahi.

Hiyo ni kweli kwa mtoto wa miaka 4, anayefurahia kuchomoa kitu kimoja baada ya kingine hata asipojua ni nini. Mtoto wa miaka 10 au 12 anafungua mfuko anaangalia sekunde tatu, anajua kabisa kipi kitavunjika kabla hajafika nyumbani, alafu anaufunga. Huyu ana macho ya mnunuzi jamani. Chukua bajeti ileile uliyotaka kuigawa kwenye vitu sita hafifu, nunua kimoja cha maana: karata nzuri, daftari gumu lenye kurasa nyeupe na peni inayoandika vizuri, soksi zenye michoro ya kuchekesha, mchemraba wa Rubik (ule wa rangi, uko duniani tangu 1974 na watoto bado wanaukunja mpaka usiku), au kitabu. Kimoja tu, na hakuna mgeni atakayehesabu.

Dhana: wakishakuwa wakubwa hawataki tena zawadi za kuondokea, ni mambo ya kitoto.

Nusu kweli. Wanachokataa ni kuonekana watoto, sio kupewa. Mfuko wenye katuni mtoto wa miaka 12 ataukunja auingize mfukoni kabla rafiki zake hawajaona, ila kitu kilekile ukikifunga kwenye karatasi ya khaki na kamba anakipokea vizuri tu. Wala sio lazima utoe chochote. Kama umewapeleka kuogelea au kuangalia sinema na umewalipia, hiyo ndo zawadi yenyewe, mtoto wa umri huo anaelewa kwamba ulimlipia, na asipopewa mfuko mlangoni hatalia. Sisi wazazi ndo tunaona aibu.

Dhana: cha bei ndo kinaonyesha umejali.

Hapa ndo tunaumizana. Ukigawa hedifoni kwa watoto 14, wazazi 14 wanarudi nyumbani wanapiga hesabu ya bethdei ya mtoto wao, na mwenye kipato kidogo anaanza kutafuta sababu ya kutofanya kabisa. Kuna mzazi alishawahi kuniambia waziwazi kwamba mwanae hakuja kwa sababu zawadi atakayoleta ingekuwa ndogo kuliko ile atakayoondoka nayo, nikakosa la kumjibu. Zawadi ya kuondokea ni ya kusema asante umekuja, ikizidi thamani ya ile aliyoileta mgeni umemgeuzia shukrani kuwa deni.

Dhana: wasichana hivi, wavulana vile.

Acha. Weka vitu mezani kila mtu achague mwenyewe wakati wa kuaga. Pati yangu, pale mezani pa bangili, wavulana ndo waliomaliza shanga.

Dhana: hawa ni wakubwa, hawamezi vitu, kwa hiyo usalama sio ishu.

Hii nakaa nayo kidogo maana ndo iliyonitoa jasho. Zile pete za kuwaka taa, naokota moja naiona imepasuka, kabetri kake kale ka duara bapa kama kifungo cha shati kanachungulia nje, na mdogo wa mwanangu, wa miaka miwili, yuko hatua mbili kutoka pale anatambaa na mdomo wazi. Mtoto mkubwa hali betri, sawa, ila zawadi inaenda naye nyumbani kwao ambako kuna mdogo wake, na huyo hukumwalika wala hukumfikiria. Betri za aina hiyo, hasa zile za lithiamu zenye upana kama milimita 20, zikikwama kwenye koo la chakula zinaweza kuunguza nyama vibaya ndani ya saa 2 tu. Watu wengi wanadhani shida ni ile kemikali ya ndani kuvuja, kumbe umeme wake ukikutana na majimaji ya mwilini pale pale unatengeneza kitu kikali kama dawa ya kuzibulia mabomba. Na iliyoisha nguvu bado inaunguza, usijipe moyo kwamba taa haiwaki tena. Ikitokea mtoto kameza ni hospitali moja kwa moja, usisubiri itoke yenyewe. Kwa hiyo kitu chochote chenye taa au sauti, angalia kwanza mfuniko wa betri una skrubu au unafunguka kwa kucha. Ukifunguka kwa kucha usinunue.

Vile vigololi vya sumaku vya kujengea maumbo pia nimeviacha kabisa. Ukimeza kimoja kinaweza kupita, ukimeza viwili vinavutana kila kimoja kikiwa kwenye kipande chake cha utumbo na vinautoboa katikati. Na hapo wakubwa nao wamo, maana wapo wanaovibana ulimini kuigiza hereni.

Alafu ile namba ya umri kwenye paketi, wengi tunaisoma kama kipimo cha akili, mwanangu ana akili nyingi basi inamfaa. Ikiandikwa kwamba haimfai mtoto chini ya miaka 3, mara nyingi maana yake kuna vipande vidogo vinavyoweza kumkaba, akili haihusiki hapo. Puto lililopasuka nalo usiliache chini, kile kipande cha mpira kinanata kooni kuliko kitu kigumu.

Dhana: ukikosa wazo weka pipi na chokoleti, hazina kesi na mtu.

Karanga ni kati ya vitu vinavyoleta sana aleji kali kwa watoto, na chokoleti nyingi zinatengenezwa mashine moja na za karanga. Kwenye mwaliko uliza mapema kama kuna mtoto asiyeweza kula kitu fulani, mzazi atakushukuru. Au acha tu vya kula, wameshakula vya kutosha hapo kwenye pati.

Dhana: ukiandika jina la mtoto wako na tarehe inakuwa kumbukumbu.

Kumbukumbu kwa nani? Kikombe chenye sura ya mwanangu kitatumiwa na bibi yake, rafiki yake wa darasani atakificha kabatini. Andika jina la mgeni mwenyewe uone kitakavyotunzwa, au wapige picha ya kundi zima uichape kila mmoja aondoke na yake. Ila picha usiirushe mtandaoni kabla hujawauliza wazazi wao, hata kama mtoto mwenyewe kasema fresh.

La mwisho ni hili la kufanya iwe sapraizi kwa mtoto wako pia. Mi ndo nilikosea hapo. Mtoto wa miaka 11 anajua kuliko sisi nani anachora, nani hapendi kelele, nani mwaka jana alipewa kitu hichohicho kwenye pati tatu mfululizo. Safari hii nimemkalisha chini nikamuuliza, akafikiria kidogo, akasema tuweke tena uzi na shanga, nyingi zaidi, na mikasi mitatu maana mmoja waligombania, na tuongeze vya ziada viwili kwa sababu kuna ambaye atakuja na kaka yake bila kusema. Alafu akageuka mlangoni, "Na mama, firimbi hapana."