Je, Wajua Kijana Anayesomea Nyumbani Hufikaje Chuo Kikuu?

Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, kwa kawaida mwezi Januari, wazazi wa Kirumba, Igoma na Buhongwa jijini Mwanza huinamia simu zao wakitafuta namba ya mtihani inayoanza na herufi S. Wapo wengine ambao namba wanayoitafuta huanza na P. S ni ya mtahiniwa wa shule, na P ni ya mtahiniwa wa kujitegemea, yaani aliyeingia kwenye chumba cha mtihani bila kuletwa na shule yoyote. Herufi hiyo ndiyo mlango anaopitia kijana aliyesomea nyumbani.

Huyo kijana ni nani? Anaweza kuwa aliyehama mara kwa mara na baba mvuvi kati ya visiwa vya Ukerewe na Ukara katika Ziwa Viktoria, aliyelazwa muda mrefu kwa maradhi, binti aliyekatiza masomo kwa ujauzito, au mtoto wa familia iliyoamua kumfundishia nyumbani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka kila mtoto aandikishwe na kuhudhuria shule ya msingi, kwa hiyo safari tunayoizungumzia hapa huanza baada ya elimu hiyo. Kwa binti aliyejifungua, ni haki yake kujua kwanza kwamba tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, kurudi katika shule za kawaida. Asiambiwe na yeyote kwamba njia ya P ndiyo pekee iliyobaki.

Wanaosoma habari za Marekani hukuta jambo linalowachanganya. Huko, kusomesha nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, ingawa masharti hutofautiana, na katika majimbo mengi mzazi mwenyewe ndiye anayeandaa orodha ya masomo na alama za mwanawe na kumpa cheti cha kuhitimu. Vyuo huisoma orodha hiyo, pengine pamoja na matokeo ya SAT au ACT, mitihani ya kuombea nafasi ya chuo. Asiyekuwa na cheti anaweza kufanya mtihani wa GED, ulioanza mwaka 1942 kwa ajili ya askari waliokuwa wameacha masomo. Hapa kwetu mambo sivyo yalivyo. Mzazi anaweza kufundisha vizuri kuliko shule nzima, lakini hawezi kutoa cheti; cheti hutolewa na Baraza, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na hupatikana kwa mtihani tu.

Mtihani wa kwanza ni ule ambao mitaani huitwa QT, na jina lake rasmi ni Mtihani wa Maarifa. Unapima masomo ya Kidato cha Kwanza na cha Pili, na unamhusu mtu ambaye hakupita sekondari ya kawaida au hakufaulu upimaji wa Kidato cha Pili. Akiufaulu, anaruhusiwa kujisajili kwa mtihani wa Kidato cha Nne. Mitihani yote miwili hufanyika kuelekea mwisho wa mwaka, kwa hiyo haiwezekani kuifanya kwa mkupuo mmoja: anayefanya QT mwaka huu atafanya Kidato cha Nne mwakani akiwahi sana. Usajili hufunguliwa mapema katika mwaka, na anayechelewa hutozwa faini au hukosa kabisa. Mtahiniwa huanzia kwenye kituo cha mtihani alichokichagua, ambako hupewa namba ya kujisajilia mtandaoni, kisha hulipa ada. Familia inayofundishia nyumbani inapaswa kuipanga kalenda yake kuanzia tarehe ya usajili ikirudi nyuma, kwa sababu kijana aliyeiva Juni bila kusajiliwa atasubiri mwaka mwingine. Kituo nacho kichaguliwe kwa busara. Mtihani huchukua majuma kadhaa, na anayekaa kisiwani asitegemee kuvuka ziwa kila alfajiri.

Jambo zito kuliko yote, na ambalo kwa maoni yangu halisemwi vya kutosha, ni alama. Mwanafunzi wa shule huingia kwenye mtihani wa Kidato cha Nne akiwa na alama za tathmini endelevu, zinazobeba 30 kati ya 100, zikiwamo za upimaji wa Kidato cha Pili na mtihani wa moko. Mtahiniwa wa kujitegemea hana akiba hiyo. Alama zake zote 100 hutoka katika yale atakayoandika siku za mtihani. Ndiyo sababu kijana mwenye uelewa mzuri anaweza kupata alama ya chini kuliko rafiki yake wa shule waliyekuwa wakilingana. Dawa yake ni mazoezi ya kuandika kwa saa, tena kwa miezi mingi, akitumia mitihani iliyopita na taarifa za uchambuzi wa majibu ambazo Baraza huziweka kwenye tovuti yake, na ambamo makosa ya watahiniwa hufafanuliwa swali kwa swali. Vitabu vya kiada vinapatikana katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika kwa awamu tangu 2024, kwa hiyo muhtasari wa kaka aliyemaliza zamani usiaminiwe kabla ya kulinganishwa na wa sasa.

Sayansi ndiyo huwashinda wengi, kwani sebuleni hakuna maabara. Anayetaka Kemia au Fizikia na afanye mpango na kituo mapema ili apate mahali pa kujifunzia vitendo. Asiyeweza kusoma peke yake anaweza kujiunga na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo hufundisha sekondari kwa hatua mbili: ya kwanza ni Kidato cha Kwanza na cha Pili, ya pili ni cha Tatu na cha Nne.

Cheti kikishapatikana, njia hugawanyika. Mwenye krediti tatu, yaani alama ya C au zaidi katika masomo matatu, anaweza kujisajili kwa Kidato cha Sita akiwa bado mtahiniwa wa kujitegemea, na mtihani huo hufanyika Mei. Vyuo vikuu kwa kawaida huhitaji ufaulu katika masomo mawili ya tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo makuu ya Kidato cha Tano na cha Sita, wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Kwa hiyo hata D mbili hutimiza kiwango cha chini, japo fani zenye ushindani hutaka zaidi. Mwenye alama za D katika masomo manne anaweza kuanzia ngazi ya cheti katika vyuo vya kati, apande hadi stashahada, na akipata wastani wa 3.0 aombe shahada. Kwa mtoto wa ziwani njia hiyo iko karibu: pale Nyegezi kuna chuo cha uvuvi cha Serikali, na jirani yake, Malimbe, kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Mwanza kwa anayetaka kuendelea kusoma akiwa nyumbani.

Familia zilizomsomesha mtoto kwa mtaala wa nje, kama ule wa Cambridge, zinahitaji hatua moja zaidi: matokeo hayo yapelekwe kwa Baraza ili yapewe cheti cha ulinganifu. Maombi hayo yafanywe kabla dirisha la udahili halijafunguliwa, maana chuo hakiwezi kuzihesabu pointi ambazo bado hazijalinganishwa.