Usijaze "Hapana" kwenye swali la fedha

Msimu wa maombi ya vyuo vya Marekani umefika, na ule ushauri nao umefika: "Mwambie mtoto aandike hahitaji msaada wa fedha, watamchukua upesi. Akishafika huko atajua la kufanya." Nimeusikia kwa mzazi, kwa mwalimu wa hesabu, na kwa mjomba mmoja aliyewahi kukaa New Jersey. Mjomba ndiye hatari kuliko wote, kwa kuwa yeye husema kama aliyeona kwa macho.

Harvard kwa mwaka mmoja, ukijumlisha ada, chumba na chakula, imepita dola 80,000. Mtoto aliyesema anajilipia, kabla hajapewa I-20, yaani fomu ya chuo ya kuombea viza, ataambiwa aonyeshe pesa ya mwaka wa kwanza ziko wapi. Ziko wapi? Akishafika "atajua la kufanya" kwa kazi gani, ilhali viza ya mwanafunzi inambana hata saa za kufanya kazi hapo hapo chuoni? Na vyuo vingi vinasema waziwazi: mgeni, yaani mwanafunzi wa nje ya Marekani, ambaye hakuomba msaada alipoomba nafasi asije kuuomba baadaye, miaka yote minne. Kwa hiyo mtoto anapata barua ya kupokelewa isiyomfikisha hata uwanja wa ndege. Nimeona moja imetiwa fremu, imetundikwa sebuleni.

Kinachoniudhi ni kwamba ushauri huu una punje ya ukweli ndani yake, na punje hiyo ndiyo inayouuza.

Kwa mwanafunzi wa nje, vyuo hivi vikubwa vina tabia mbili. Kuna visivyotazama mfuko wako wakati wa kuamua, na vikikuchukua vinaziba pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimekuwa hivyo miaka mingi. Dartmouth na Bowdoin viliingia 2022, na Brown ilianza na waliojiunga 2025. Huko, kujaza "Hapana" hakukuongezei hata tone la nafasi. Umedanganya bure, halafu umejinyima pesa.

Kisha kuna Stanford, Columbia, Cornell, na vyuo vidogo kama Williams, Swarthmore, Grinnell na Macalester. Hivi vikikukubali na ukiwa uliomba msaada, vinakupa wote unaostahili, lakini kabla ya kukukubali vinatazama utawagharimu kiasi gani, maana fungu lao la wageni lina kikomo. Hapa mjomba ana haki nusu: asiyehitaji kitu anapita mlango mpana zaidi. Ila mlango huo ni wa mtoto ambaye kwao dola 80,000 zipo kweli. Wa kwako akipita hapo anakutana na ukuta hatua ya pili.

Nikifika hapa mzazi huuliza, "Lakini ana A, si watampa skolashipu?" Vyuo vinane vya Ivy League, lile kundi la vyuo vikongwe kama Harvard, Yale na Brown, havitoi skolashipu kwa alama. Havitoi kwa mpira pia. Vinatoa kwa kutazama kipato cha nyumbani, basi.

Na kipato cha nyumbani ndipo watoto wetu wanapoumia, kuliko hata kwenye insha. Vingi vya vyuo hivi hutumia CSS Profile, fomu ya kueleza fedha za familia, iliyotungwa na mtu ambaye mshahara wake unaingia benki kila mwezi na kila kitu chake kina risiti. Sasa mjazie mama anayeuza nguo soko la Kongowea, Mombasa: mwezi wa Ramadhani anauza vizuri, Februari anakula akiba, na mtaji wenyewe nusu ni mkopo wa chama. Watoto wengi huandika mauzo mahali pa faida. Mauzo si kipato! Toa bei ya mzigo, kodi ya kibanda, ushuru, nauli, riba ya mkopo, kisha ndiyo uandike.

Baya zaidi ni nyumba ya urithi. Fomu inauliza nyumba ina thamani gani. Kijana anataja nyumba nzima ya babu kule Mji wa Kale, mamilioni ya shilingi, kwa sababu ndimo anamoishi. Hataji kwamba warithi ni saba na kwamba baba hawezi kuuza hata dirisha bila wenzake kukubali. Afisa wa huko hawezi kulijua hilo asipoambiwa. Andika hisa ya baba peke yake, halafu kwenye nafasi ya maelezo ya ziada eleza urithi kwa sentensi nne zilizonyooka. Eleza pia ada ya binamu mnaowasomesha na dawa za bibi. Hiyo si aibu ya familia, ni hesabu yake.

Asilimia nitazipitia mbio. Harvard mwaka 2024 iliombwa na watu 54,008, ikachukua 1,937. Hiyo asilimia 3.6 ni ya waombaji wote pamoja, si yako wewe mgeni. MIT inakiri ina kikomo cha wageni: kwa jumla huchukua kati ya 4 na 5 kwa mia, kwa wageni ni kama 2. Na hiyo A haikutofautishi: KCSE ya 2024, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, peke yake ilitoa watu 1,693 wenye A. Anayesema "basi aombe vyuo 30, kimoja kitajibu" anasahau kuwa faili ni lile lile, na barua ya mwalimu ni ile ile inayosema mtoto ni "mtiifu, msafi na hushiriki shughuli za shule". Litakataliwa mara 30 kwa sababu moja.

Je, visivyotazama mfuko havitazami kweli? Sina hakika. Msomaji wa faili anaona jina la shule, kazi ya baba, mtaa. Mwaka 2022 kundi la vyuo vikubwa, Yale na Brown vikiwemo, lilishtakiwa kwa madai ya kupendelea matajiri; kadhaa vililipa mamilioni kuimaliza kesi bila kukiri kosa. Vilevile hakuna chuo kinachokubali kwamba kina mgao wa kila nchi, nami sina ushahidi, ila sijawahi kumshauri mzazi kana kwamba mgao haupo.

La mwisho ni maombi ya mapema ya kujifunga, ambapo unaahidi chuo kimoja kwamba kikikuchukua utakwenda. Wazazi huogopa kuwa msaada ukija pungufu wamenaswa. Hawajanaswa: pesa zisipotosha, unaeleza, unaachiliwa, unaendelea na vyuo vingine. Tarehe kwa vingi ni Novemba 1, na fomu ya fedha ina tarehe yake tofauti, kwa hiyo angalia zote mbili.