Terabaiti Yako Haijaibwa

Diski feki haionyeshi upungufu. Huonyesha ziada. Naanza na hilo moja kwa moja kwa sababu juzi tena mwalimu kutoka Ahero amemwita muuzaji mwizi mbele ya wateja wake hapa Oginga Odinga Street, Kisumu. Alikuwa amenunua SSD (diski isiyozunguka) ya TB 1, akakloni, yaani akanakili kila kitu kutoka ile yake ya zamani ya GB 256, akafunga skrubu, akawasha, na C:, sehemu yenye Windows, ikasoma GB 237 kama ilivyokuwa ikisoma mwaka jana. Muuzaji hakujua amjibu nini, na diski ikarudishwa rafuni ikiwa nzima kabisa.

Malalamiko haya yananifikia kutoka Kondele, Maseno, Bondo, Siaya mpaka Busia, na maneno ni yaleyale: "Fundi, nimeuziwa feki." Nimeeleza kwa mdomo mpaka basi. Leo naandika.

Feki ya kweli hutengenezwa hivi. Mtu huchukua chipu ndogo, tuseme ya GB 64, kisha huandika upya programu iliyo ndani ya kidhibiti chake, kile kinachoiongoza diski, ili kiiambie kompyuta kwamba kuna TB 2, au hata 16. Windows haina njia ya kubisha. Inaamini inachoambiwa na kidhibiti. Wewe unaona terabaiti zako zote, unaanza kupakia picha za harusi na kazi za chuo. GB 64 za kwanza zinaingia salama. Baada ya hapo kidhibiti huandika juu ya yaliyotangulia, au hutupa data kimyakimya, huku majina ya faili yakiendelea kuonekana kama kawaida. Unakuja kugundua baadaye, unapofungua picha na haifunguki. Kwa hiyo mwizi wa aina hii hakuuzii TB 1 inayosoma GB 237. Anakuuzia GB 64 inayosoma TB 16. Ukiona namba ndogo kuliko uliyolipia, tatizo liko kwingine, na mara nyingi hata si tatizo: ni kukloni kulikofanyika sawasawa.

Ndiyo, sawasawa. Kukloni ni kunakili kila kitu pamoja na jedwali la partisheni (sehemu ambazo diski imegawanywa), lile linalosema C: inaanzia sekta fulani, yaani kipande fulani kidogo cha diski, na kuishia sekta fulani. Kwenye diski ya GB 256, C: iliishia karibu na ukingo. Kwenye diski mpya inaishia sekta ileile, na nafasi yote inayofuata haijagawiwa mtu. Umenunua shamba la ekari nne, ukazungusha ua kwa kipimo cha boma lako la zamani la ekari moja. Shamba lote ni lako. Ua ndio mfupi.

Jionee mwenyewe. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Windows, uchague Disk Management. Usihangaike na C: kwanza. Angalia kisanduku cha kijivu kilicho kushoto kabisa, palipoandikwa Disk 0. Namba iliyo hapo ndani ndiyo ukubwa wa diski nzima. SSD ya TB 1 husoma 931.51, zile za GB 1024 husoma 953.87. Kulia kwake kuna ukanda wa visanduku: kile chembamba cha EFI cha MB 100, cha kuwashia mashine, kisha C: yako ya GB 237, kisha kingine chembamba kilichoandikwa Recovery, cha kuiokoa Windows ikigoma, na mwisho kabisa kisanduku kirefu chenye mstari mweusi juu badala ya buluu, kimeandikwa Unallocated, karibu GB 693. Hizo ndizo pesa zako. Hakuna aliyezigusa.

Kama kile kisanduku cha kushoto chenyewe kinasoma 238.47, hapo tunaongea mengine. Huenda laptopu yako ina nafasi mbili za diski na bado inawaka kutoka ile ya zamani. Au kweli umepewa GB 256 badala ya TB 1, na hapo ugomvi una msingi.

Halafu kuna wale wa 931. "Fundi, nimelipia 1000, nyingine 69 ziko wapi?" Hazipo popote, kwa sababu ni hesabu mbili tofauti zinazotumia jina moja. Mtengenezaji huhesabu kwa kumi: TB 1 ni baiti 1,000,000,000,000. Diski ya TB 1 ya kawaida ina sekta 1,953,525,168 za baiti 512 kila moja, yaani baiti 1,000,204,886,016, kwa hiyo hata kimepita kidogo kile ulicholipia. Windows hugawanya kwa 1024 mara tatu, inapata 931.51, kisha inaandika GB. Tangu 1998 hesabu hiyo ya 1024 ina jina lake rasmi, gibibaiti, na Windows haijalitumia mpaka leo. Mac iliacha mtindo huo mwaka 2009; chomeka diski hiyohiyo kwenye Mac utasoma TB 1. Naona Windows ndiyo inapaswa kubadilika, maana lawama yote inamwangukia mwenye duka.

Sasa tuje kwenye linaloniudhi kuliko yote. Watu husikia kwamba nafasi iko, wanabofya C:, wanatafuta Extend Volume, na wanakuta maneno yamefifia, hayabofyeki. Basi wanarudi kulekule: diski ni feki. Hapana! Angalia tena ule ukanda. Kati ya C: na nafasi wazi kuna kile kisanduku chembamba cha Recovery. Windows inaweza kuipanua C: kuelekea kulia tu, tena iwe imepakana moja kwa moja na nafasi wazi. Partisheni ndogo isiyofika GB 1 inazuia GB 693, na ujumbe wa kukueleza hivyo haupo. Mtu mwenye akili timamu anatazama maneno yaliyofifia na kuamua ameibiwa. Simlaumu.

Njia nyepesi ni kutofika hapo. Programu nyingi za kukloni huwa na mahali pa kurekebisha partisheni kabla ya kuanza, ambapo unaisukuma Recovery mpaka mwisho wa diski mpya na kuiacha C: ijaze katikati. Mahali hapo hupitwa na kila mwenye haraka ya kubofya Next. Pasome.

Kama umeshapitwa, una njia mbili. Ya kwanza ni kuwasha mashine kwa flashi ya GParted, programu ya kugawa diski, uisogeze Recovery hadi mwisho, kisha upanue C:. Hapa watu huogopa kisichotisha na kupuuza kinachotisha. Kupanua C: kuelekea kulia ni kazi ya dakika, kwa sababu data haihami, ni kumbukumbu za mfumo wa faili tu zinazobadilishwa. Kusogeza partisheni ndogo ya MB 800 nako si kitu. Lakini ukiamua kusogeza mwanzo wa C: yenyewe, GB 200 zote zinahamishwa moja baada ya nyingine, na stima ikipotea katikati huna C: ya zamani wala mpya. Stima ya huku tunaijua sote. Kazi hiyo ifanyike kwenye laptopu yenye betri inayokaa na chaja ikiwa imechomekwa, au kompyuta ya mezani yenye UPS inayofanya kazi kweli, na vilevile usianze kabla diski ya zamani haijawekwa kando salama.

Ya pili ni kuiondoa Recovery. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika reagentc /disable, na faili ya uokoaji itarudishwa ndani ya C:. Kisha kwa diskpart, amri ya Windows ya kugawa diski, uchague diski, uchague partisheni, uandike delete partition override. Neno hilo la mwisho halikuulizi mara mbili. Ukiwa umechomeka diski mbili na kuchagua namba isiyofaa, imekwenda. Chomoa ya zamani kwanza. Baada ya hapo panua C:, lakini bakisha GB 1 mwishoni utengeneze Recovery nyingine, urudishe kwa reagentc /enable.

Je, kuna haja ya kuirudisha? Hapa msimamo wangu unayumba, na nasema wazi. Mteja anayeleta mashine kwangu ikikataa kuwaka hanufaiki sana nayo. Mimi natumia flashi. Anayeishi mbali, Usenge au Mbita, ambako hakuna fundi karibu, inaweza kumwokoa usiku mmoja. Isitoshe partisheni hiyo ikiwa ndogo nayo huleta taabu: Januari 2024 sasisho KB5034441 la Windows 10 lilikataa kuingia kwenye kompyuta nyingi kwa kosa 0x80070643, sababu ikiwa Recovery kukosa nafasi ya kutosha. Kwa sasa naiweka, na naipa GB 1 kamili.

BitLocker, yaani usimbaji wa Windows unaoifunga data kwa ufunguo. Kabla hujagusa chochote, angalia kama C: ina alama ya kufuli. Kwenye Windows 11 mpya usimbaji unaweza kuwa umewashwa bila mwenye mashine kuombwa, mara tu alipoingia kwa akaunti ya Microsoft. Mteja ataapa hajawahi kuwasha kitu kama hicho, na anasema kweli. GParted haiwezi kupanua C: iliyofungwa hivyo. Zima usimbaji kabisa, subiri umalizike, ndipo ukloni. Na kabla ya hata hilo, pata ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti yake ya Microsoft na uuandike kwenye karatasi. Bila ufunguo huo, mashine ikiuuliza asubuhi, hakuna fundi Kisumu wala Nairobi atakayeifungua.

Mengine nayapitia haraka. Leseni ya Windows hufuata madabodi, haipotei kwa kubadilisha diski. Diski ya kuzunguka ya inchi 2.5 mara nyingi ina unene wa milimita 9.5 na SSD nyingi ni 7, kwa hiyo ikicheza ndani tafuta fremu yake. SSD ndogo za M.2 huja kwa njia mbili za kupitisha data, SATA na NVMe; zinafanana kwa sura lakini si kila tundu linapokea zote mbili. Tazama laptopu kabla ya kulipa. Usiwashe mashine ikiwa na diski zote mbili mara baada ya kukloni, kwa sababu zina kitambulisho kimoja na Windows huifungia moja nje. Mashine za zamani zenye jedwali la MBR haziwezi kutumia zaidi ya baiti 2,199,023,255,552, kwa hiyo ukinunua TB 4 badilisha kwenda jedwali jipya la GPT kwanza. Na USB 2 hupitisha takriban MB 35 kwa sekunde, basi GB 256 ni saa mbili na zaidi. Tumia tundu la buluu, la USB 3.

Wakati mwingine sikloni kabisa. Diski ya zamani ikiwa na sekta mbovu, programu za kawaida hukwama au huruka bila kusema, na hapo natumia ddrescue, ambayo huchukua kwanza kinachosomeka kwa urahisi kisha hurudia sehemu ngumu. Windows ikiwa imejaa takataka za miaka mingi, kuikloni ni kuzihamisha takataka hizo. Huwa naelekea kuweka upya. Ila mwalimu mwenye programu ya alama ambayo hana tena faili ya kuisakinisha atapoteza zaidi kwa usafi wangu kuliko kwa takataka zake. Hakuna kanuni hapa. Namkalisha, namuuliza anatumia nini kila siku, ndipo tunaamua.

Na kama bado unashuku feki, ipime kabla ya kukloni, ikiwa tupu. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux f3. Zote hujaza diski kwa data inayojulikana, kisha huisoma yote na kulinganisha. TB 1 kwa USB ya kasi ni saa kadhaa, kwa USB 2 ni kama saa kumi na sita. Kipimo hicho kinathibitisha ukubwa tu. Hakisemi diski itadumu miaka mingapi, na hata saa za matumizi zinazosomwa kwenye SMART, rekodi ya afya ya diski, huweza kufutwa na muuzaji wa mitumba, kwa hiyo siziamini peke yake.

Kipimo kikifeli, au kisanduku cha kushoto kikisoma 238 badala ya 931, nenda dukani na risiti, picha ya skrini ya Disk Management, na matokeo ya H2testw yakionyesha ni GB ngapi zimepotea. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na risiti iliyoandikwa "SSD 1TB" ni maelezo tosha. Kama risiti yako imeandikwa "diski" tu, rudi leo uandikiwe vizuri, pamoja na namba ya mfululizo (serial number) iliyo kwenye stika.