Kilwa Kisiwani haikuanza na wageni

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, kusini mwa pwani ya Tanzania, kwenda kisiwa cha Kilwa Kisiwani chenye magofu ya mji wa kale wa mawe, mara nyingi utasimuliwa kwamba Waajemi wa Shirazi walikuta pori tupu wakajenga mji. Si kweli, na huniuma kila ninapoisikia.

Wachimbaji wa mambo ya kale, akiwemo Neville Chittick miaka ya 1960, walikuta chini ya magofu mabaki ya nyumba za miti na udongo, vyungu vilivyofinyangwa na wenyeji na masalia ya kazi ya uhunzi. Kijiji kilitangulia, mawe yakafuata.

Wageni walikuja, hilo sikatai. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023, uliotumia mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, unaonyesha kuwa kuanzia mnamo mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Lakini lugha iliyobaki ni ya akina mama: Kiswahili ni Kibantu.

Na kuta zenyewe zitazame kwa karibu. Tumbawe laini lilitolewa baharini likiwa bichi, likachongwa kabla halijakauka na kuwa gumu. Mengine yalichomwa kupata chokaa. Vyumba ni vyembamba kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina kikomo chake. Huo ni ujuzi wa watu waliozaliwa kando ya bahari hii.

Magofu hayo yaliingia Urithi wa Dunia 1981. Pembeni yake kijiji bado kinaishi, na wavuvi wanatweka matanga.