Pavalbumini si kitambulisho cha seli za kuzuia

Wengi wakiona seli ya neva yenye pavalbumini, protini inayonasa kalsiamu, huandika papo hapo: "seli ya kuzuia," yaani inayotuliza seli nyingine. Kwenye gamba la kuona la ubongo kwa kawaida hawakosei, maana seli hizo hutoa GABA, kemikali ya kutuliza. Shida iko kwenye thalamasi, kituo cha ndani ya ubongo kinachopokeza ishara kwenda kwenye gamba. Huko, kwa nyani na binadamu, seli kubwa na ndogo zinazopeleka ishara za jicho kwenye gamba nazo zina pavalbumini, ilhali zinasisimua seli nyingine kwa kemikali ya glutamati. Ncha za nyuzi za seli hizo ndizo hulipa tabaka la 4C la gamba la kuona rangi nzito pavalbumini inapotiwa rangi. Kalbindini, protini nyingine inayonasa kalsiamu, haina nafuu: baadhi ya seli za piramidi, ambazo ni za kusisimua, za tabaka la 2 na 3 hushika rangi yake, ingawa hafifu. Ongeza kingamwili (kitia alama) ya GAD, kimeng'enya kinachotengeneza GABA, ndipo uhesabu seli za kuzuia.