Simu Iliyoanguka Baharini Haitaki Mchele

"Fundi, usiwe na wasiwasi, nimeitia kwenye mchele siku tatu." Maneno hayo huja na karibu kila simu iliyolowa maji ya bahari, hasa miezi ya likizo wanafunzi wanaporudi Lamu kutoka vyuo vya Kilifi na Mombasa. Husemwa kwa imani kubwa, kama mtu aliyekwisha kumpa mgonjwa dozi ya kwanza. Kwa simu iliyoingia maji ya chumvi, siku tatu hizo ndizo zinazoiua. Nitaanza na hilo na kulieleza kwa urefu, kisha nitagusa dhana nyingine chache zinazowagharimu wanafunzi pesa na kazi zao za masomo.

"Mchele hunyonya maji yote"

Utazame mchele wenyewe kwanza. Mchele uliokaushwa vizuri kwa ajili ya ghala bado una unyevu wa asilimia 12 hadi 14. Ukikaa kwenye gunia lililo wazi hapa pwani, ambapo hewa imejaa unyevu mwaka mzima, hauna kiu iliyobaki. Na hata ungekuwa umekauka kau, punje hugusa nje ya simu tu. Maji yaliyokwama chini ya vifuniko vya chuma vilivyo juu ya bodi, yaani ubao wa saketi ulio ndani ya simu, au kati ya kioo na fremu, hayafiki kwenye mchele. Njia yake ya kutoka ni kugeuka mvuke polepole, na mvuke hutoka upesi zaidi simu ikiwa juu ya meza mbele ya feni kuliko ikiwa imefukiwa ndani ya ndoo. Mchele huongeza vumbi la wanga na chenga zinazoingia kwenye tundu la chaja, basi. Apple yenyewe huwaambia wateja wasiitie iPhone kwenye mchele, kwa sababu hiyo hiyo ya chembechembe.

Wengine huuliza: mbona ya fulani ilipona? Ya fulani iliingia maji ya mvua au ya bomba, tena kidogo, ikakauka yenyewe. Ingepona hata ingekaa kabatini.

Linalosahauliwa ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, sawa na vijiko sita vya chai. Maji yakikauka, chumvi haiendi popote. Inabaki juu ya bodi, chini ya saketi, ndani ya soketi za betri na skrini, na huko inafanya kazi mbili mbaya.

Ya kwanza ni ya umeme. Maji ya bahari hupitisha umeme takriban mara mia kuliko maji ya bomba ya kawaida, na ndani ya simu kuna betri ya volti 3.7 au zaidi kidogo. Kuzima simu hakuikati betri hiyo. Zipo njia zinazobaki na umeme saa zote ili kitufe cha kuwasha na chaja viweze kufanya kazi. Kati ya njia mbili zilizopishana kwa sehemu ndogo ya milimita, umeme ukipita ndani ya maji ya chumvi, shaba ya upande mmoja huyeyuka na kuhama. Ule ukijani ambao fundi anauona akifungua simu ni shaba iliyoliwa. Huanza ndani ya saa chache. Kufikia siku ya tatu, pini za soketi ya chaja zimeshakwisha na simu bado imelala kwenye mchele.

Kazi ya pili ya chumvi kila mwenye jiko Lamu anaijua, ila haiunganishi na simu yake. Chumvi ya mezani hapa hulowa na kugandamana kwenye kikopo chake bila mtu kuimwagia maji. Chumvi safi huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifika asilimia 75, na chumvi ya bahari ina magnesiamu ndani yake inayovuta unyevu hata kabla ya hapo. Usiku wa Lamu hupita kiwango hicho mara kwa mara. Kwa hiyo simu uliyosema imekauka hulowa upya kila usiku, kutoka ndani, na shaba inaendelea kuliwa. Ndiyo maana simu ya mchele huwaka, mwenyewe akafurahi, kisha wiki ya pili ikaacha kuchaji, baadaye maikrofoni ikafa, mwisho skrini ikapiga mistari. Mtu hulaumu chaja au simu yenyewe, kumbe ni ile safari ya boti ya tangu mwezi uliopita.

Sasa la kufanya. Itoe majini, uizime saa hiyo hiyo. Ikiwa imejizima yenyewe, usibonyeze kuiwasha kuona kama ni nzima, na usiichomeke chaja hata kidogo. Hilo la chaja limemaliza simu nyingi kuliko bahari yenyewe. Kama betri inatoka, itoe. Vua kasha, toa laini na memori kadi.

Kisha, na hapa ndipo wengi hunitazama kama nimerukwa na akili, isuuze kwa maji matamu. Ikiwa simu ilizama na kuzimika, itie kwenye bakuli la maji safi kwa dakika moja au mbili huku ukiigeuza taratibu, ubadilishe maji, urudie. Maji ya bahari yameshaingia ndani; unayofanya ni kuyapunguza makali kabla hayajakauka. Ikiwa ni simu isiyopitisha maji na bado iko hai, izime, usiizamishe, ipitishe tu chini ya mtiririko mdogo, hasa tundu la chaja na spika. Tumia maji ya mvua au ya chupa. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi, hayakusaidii.

Ifute, isimamishe tundu la chaja likitazama chini, uigongegonge kidogo kiganjani. Usiitikise kwa nguvu, maana unayatembeza maji yafike pale yalipokuwa hayajafika. Mbele ya feni, sawa. Juani juu ya dari, hapana. Kikausha nywele, hapana, kwa sababu joto linaharibu betri na kulegeza gundi ya skrini.

Halafu ilete kwa fundi siku hiyo hiyo. Fundi anayejua kazi ataifungua na kuchomoa betri kabla ya jambo jingine lolote. Ataitoa bodi, aisafishe kwa maji yaliyokenekwa, yale ya kujazia betri za magari yanayouzwa vituo vya petroli (si asidi, muuzaji asichanganye), kisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na mswaki laini, hasa kwenye soketi na pembeni mwa vifuniko vya chuma. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji asilimia 30, kwa hiyo haikaushi bodi ipasavyo. Petroli na thina zinayeyusha plastiki na gundi; ukiona fundi anazishika, chukua simu yako uende. Bodi ikishakauka huangaliwa kwa kioo cha kukuzia, na ikiwa maji yaliifikia betri, betri ibadilishwe. Bei yake ni ndogo kuliko hatari ya betri ya lithiamu iliyoliwa na chumvi kulala chini ya mto wako.

"Simu yangu ni IP68, hata bahari haiwezi"

Vipimo vya IP vya kuzuia maji na vumbi hufanywa kwa maji matamu, simu ikiwa mpya. IP67 ni mita 1 kwa dakika 30. IP68 ni kina na muda anaoutaja mtengenezaji. Havikupimwa kwenye mawimbi ya kusi. Gundi inayozuia maji huzeeka, na simu iliyokwisha kubadilishwa skrini ihesabu kuwa haina kinga kabisa. Ikigusa bahari, isuuzwe kwa nje siku hiyo, na isichajiwe mpaka tundu likauke.

Kuhusu kuvuka kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara, kuja Amu, yaani kisiwani Lamu: laptopu ndani ya begi la mgongoni la kitambaa haina ulinzi wowote. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, kwa hiyo tumia mfuko usiopitisha maji wa kukunja mdomo mara tatu kama wa mabaharia, au kontena la plastiki la jikoni lenye mfuniko wa kubana na mpira. Liweke katikati ya boti, si kwenye omo ambako mawimbi hurukia. Na laptopu izimwe kabisa kabla ya safari. Kufunga kifuniko tu huiacha hai.

"Chai imemwagikia kibodi kidogo tu, nimefuta"

Chai ya maziwa ni mbaya kama bahari kwa njia nyingine: sukari hunata chini ya vitufe na maziwa huoza. Chomoa chaja kwanza, bonyeza kitufe cha kuzima kwa sekunde 10 mpaka ife, ipindue kama paa la hema, skrini na kibodi vikitazama chini. Iache hivyo, usiiwashe, na ifunguliwe betri ichomolewe leo. Kibodi ikibadilishwa mapema, bodi hupona. Ukingoja mpaka mtihani uishe utanunua vyote viwili.

"Betri lazima ishuke hadi sifuri ndipo uchaji"

Hilo lilikuwa la betri za nikeli na kadimiamu. Za lithiamu haziogopi kuchajiwa nusunusu, zinaogopa joto na kukaa kwenye ncha mbili, sifuri na mia. Laptopu inayokaa kwenye umeme kutwa haitalipuka kwa sababu hiyo, maana saketi hukata chaji, lakini kukaa asilimia 100 ikiwa na joto, juu ya godoro la hosteli lililoziba feni, huizeesha haraka. Laptopu nyingi za kisasa zina sehemu ya mipangilio ya kuzuia chaji kwenye asilimia 80. Iwashe. Ukienda likizo ndefu na kuiacha, iache ikiwa karibu nusu. Padi ya kidole ikianza kuinuka au kifuniko cha chini kufura, betri imevimba. Acha kuitumia siku hiyo, usiibonyeze irudi, usiitoboe.

"Laptopu imekuwa nzito, niongezee memori"

Pengine. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame Task Manager inayofunguka, inayoonyesha memori na diski zinavyotumika. Memori ikiwa asilimia 90 ukifungua kivinjari na Word tu, na una GB 4, basi ongeza, mradi haikulehemiwa kwenye bodi. Lakini mara nyingi ni diski inayosoma asilimia 100, kwa sababu bado ni ile ya kuzunguka, ambayo husoma kama MB 100 kwa sekunde. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya kawaida ya SATA hufika karibu MB 500, na kwenye kutafuta faili ndogondogo tofauti ni kubwa zaidi. Shilingi zako za kwanza zipeleke huko.

Na kabla ya hayo yote, feni. Upepo wa bahari huingiza chumvi pamoja na vumbi, vikagandamana kwenye mapezi ya kupozea. Ifunguliwe isafishwe mara moja kwa mwaka, na gundi ya joto, ile inayopitisha joto kutoka kwenye chipu, ibadilishwe.

"Waifai imejaa mistari yote, kwa hiyo tatizo ni laptopu"

Mistari inapima nguvu ya mawimbi kati yako na rauta, haipimi intaneti iliyo nyuma ya rauta. Watu 60 wakigawana laini moja, mistari inabaki minne na ukurasa haufunguki. Kwa nyumba za Mji wa Kale, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huyazuia mawimbi ya GHz 5 vibaya sana. Ukiwa chumba kingine, tumia GHz 2.4.

"Kazi yangu iko salama, nimeisevu kwenye flashi"

Flashi hufa bila kuaga, hasa zile zinazochomolewa zikiwa bado zinaandika, na iliyokaa na funguo mfukoni huku Lamu hushika kutu kwenye pini zake. Utafiti wa mwaka wa mwisho uwe na nakala tatu: laptopu, flashi au diski ya nje, na mtandaoni. Ukiwa na bando dogo, jitumie faili la Word kwa barua pepe kila Ijumaa. Kurasa 60 zisizo na picha hazifiki hata MB 1.

Usinunue flashi ya TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani yake huwa kuna GB 8, 16 au 32, na programu imebadilishwa idanganye kompyuta. Inapokea faili zote, majina yanaonekana, lakini baada ya nafasi halisi kujaa kila kinachoingia hufuta cha zamani au hakiandikwi kabisa, na hutajua mpaka siku ya kufungua. Kabla ya kuiamini, ijaribu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux: huijaza yote, kisha husoma ilichoandika. Kwa flashi kubwa kazi hiyo huchukua saa kadhaa, kwa hiyo ianze usiku, na ikileta makosa mrudishie muuzaji kabla hajasema hakukuuzia yeye.